Hofu ijayo polepole: Siri ya filamu kongwe za kutisha za runinga

USIKU wa Gongoni una sauti zake. Upepo wa bahari huvuma juu ya mabwawa ya chumvi yanayotandaa kuelekea Kurawa na Marereni, mivinje hulia kama mtu anayenong'ona, nayo malori yaliyosheheni magunia ya chumvi hunguruma yakielekea Malindi na Mombasa. Kwa aliyezizoea, hizo ni sauti za kazi na za maumbile. Kwa mtoto aliyetoka kusimuliwa kisa cha jini mwenye kwato, kila sauti huwa na maana nyingine.

Siri hiyo, kwamba hofu kubwa huanza na jambo dogo la kawaida, ndiyo iliyowaongoza watayarishaji wa filamu za kutisha za runinga nchini Marekani na Uingereza tangu mwisho wa miaka ya 1960 hadi miaka ya 1980. Filamu hizo hazikutengenezwa kwa ajili ya majumba ya sinema. Zilikusudiwa kutazamwa sebuleni, usiku mmoja, kisha zisahaulike. Hazina damu nyingi wala majitu ya kutisha yaliyoundwa kwa kompyuta. Mwendo wake ni wa polepole, hata mtazamaji wa leo anaweza kudhani hakuna kitu kinachotokea.

Pamoja na hayo, zaidi ya nusu karne baadaye, filamu hizo bado zinatafutwa na kutazamwa. Kwa watu wa Pwani ya Kenya, mvuto wake si mgumu kuuelewa. Zinasimuliwa kwa namna ambayo nyanya na babu wa Magarini, Malindi na Ganze wamekuwa wakisimulia kwa miaka mingi. Tena zina funzo kuhusu hatari ya kumnyoshea mtu kidole kwa sababu ya hofu, jambo ambalo katika Kaunti ya Kilifi limegharimu maisha ya wazee.

UHABA ULIOZAA UBUNIFU

Kituo cha ABC cha Marekani kilianzisha mwaka 1969 kipindi kilichoonyesha filamu mpya iliyotengenezewa runinga kila wiki. Kipindi hicho kiliendelea hadi mwaka 1975. Kila filamu ilitengewa dakika 90 hewani, na matangazo ya biashara yalipoondolewa zilibaki dakika 75 hivi za hadithi yenyewe.

Masharti yalikuwa mazito. Fedha zilikuwa kidogo na siku za kupiga picha zilihesabika. Isitoshe, runinga huingia hadi sebuleni walipo watoto na wazee, na kwa hivyo wakaguzi wa vituo hawakuruhusu umwagaji damu wa kuonekana wazi. Mwelekezi aliyetaka kumtisha mtazamaji ilimbidi atumie alichokuwa nacho: giza, kivuli, sauti ya mlango, uso wa mwigizaji, na ukimya.

Mfano maarufu zaidi ni "Duel", iliyoonyeshwa na ABC Novemba 1971. Mwelekezi wake, Steven Spielberg, alikuwa kijana wa miaka 24 ambaye ulimwengu haukuwa umemjua bado. Picha zilipigwa kwa muda wa wiki mbili hivi. Hadithi yenyewe yaweza kusimuliwa kwa sentensi moja: mtu anayesafiri kwa gari dogo kwenye barabara ya jangwani anamwandama dereva wa lori kuukuu kwa kulipita, kisha lori hilo linaanza kumfuata ili kumuua.

Sura ya dereva wa lori haionekani hata mara moja. Mtazamaji huona mkono ukipunga dirishani, au viatu chini ya gari, basi. Kwa nini dereva huyo ana chuki kiasi hicho, hakuna anayeeleza. Kwa kukosa sura na sababu, lori lenyewe linageuka kuwa dubwana. Yeyote aliyewahi kusafiri usiku kwenye barabara ya Malindi kwenda Garsen, huku taa za lori zikimjia kwa nyuma bila kupunguza mwendo, hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Filamu hiyo ilipendwa hivi kwamba iliongezewa sehemu ili ionyeshwe katika majumba ya sinema nje ya Marekani. Kazi iliyokusudiwa usiku mmoja ikamfungulia mwelekezi wake njia.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1973, kituo hicho hicho kilionyesha "Don't Be Afraid of the Dark". Mwanamke kijana anahamia na mumewe katika nyumba kuukuu ya urithi. Anafungua meko iliyozibwa kwa matofali ingawa ameonywa asiiguse, na baada ya hapo anaanza kusikia minong'ono ikimwita jina. Viumbe wenyewe ni vidogo, na kwa macho ya leo mavazi yao yanaweza kuchekesha. Kinachouma ni kwamba mume hamwamini mkewe. Kila anapolalamika huambiwa amechoka au ana mawazo mengi. Hofu ya filamu hiyo inatokana na upweke wa mtu anayesema kweli ndani ya nyumba yake mwenyewe bila kusadikiwa.

MAKABURI YA KANDO YA BAHARI

Uingereza ilifuata njia tulivu zaidi. Mwaka 1968 shirika la BBC lilionyesha "Whistle and I'll Come to You", filamu fupi isiyo na rangi iliyoelekezwa na Jonathan Miller kutokana na hadithi ya mwandishi M.R. James. Profesa mmoja mwenye kujiamini kupita kiasi anakwenda kupumzika katika mji wa pwani. Akitembea kwenye makaburi ya zamani yanayomomonyolewa na bahari, anaokota filimbi, anaisafisha na kuipuliza. Tangu hapo, ufuoni nyuma yake kuna kitu.

Ufanisi wake uliandaa njia ya mfululizo wa filamu za mizuka zilizoonyeshwa na BBC wakati wa Krismasi kila mwaka kuanzia 1971 hadi 1978. Mojawapo, "A Warning to the Curious" ya mwaka 1972, inamhusu mtu anayefukua taji la kale lililozikwa ili kuilinda nchi. Taji analipata, lakini mlinzi wake, ambaye alikwisha kufa, hajaacha kazi yake.

Mwaka huo huo wa 1972, siku ya Krismasi, BBC ilionyesha "The Stone Tape", iliyoandikwa na Nigel Kneale. Wanasayansi wanaofanya kazi katika jumba la kale wanagundua kwamba huenda mawe ya ukuta yamehifadhi tukio la kifo kama vile kanda inavyohifadhi sauti. Wazo hilo, kwamba jiwe linaweza kukumbuka, liliwaingia watu akilini kiasi kwamba bado hutajwa panapozungumziwa nyumba zenye mizuka.

Msomaji wa Pwani atatambua mara moja kwamba visa hivi si vigeni. Katika magofu ya Gede, kusini mwa mji wa Malindi, kuta za mawe ya matumbawe zimesimama katikati ya msitu tangu mji huo ulipohamwa karne nyingi zilizopita. Serikali ya kikoloni iliutangaza kuwa eneo la kihistoria mwaka 1927, mwanaakiolojia James Kirkman akaanza kuufukua mwaka 1948, na mwaka 2024 UNESCO ikauingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Ingawa wasomi wameeleza mengi kuhusu misikiti, visima na makaburi yake, wenyeji wameendelea kusimulia juu ya wazee wa kale wanaoulinda mji na kumwadhibu anayeuharibu.

Huko Marafa, ndani zaidi ya Magarini, kuna bonde la mchanga mwekundu na mweupe liitwalo Nyari. Wataalamu wa ardhi husema limechongwa na mmomonyoko. Wasimulizi husema hapo paliishi jamaa tajiri mno walioogea maziwa huku wengine wakikosa, mpaka ardhi ikawameza. Maelezo yote mawili huishi pamoja bila ugomvi.

Kisa kinachokaribiana zaidi na lile taji la filamu ya 1972 ni cha vigango. Hizi ni nguzo za mbao zilizochongwa ambazo Wagiriama husimamisha kwa heshima ya marehemu waliokuwa katika chama cha wazee cha Gohu. Kigango hakipaswi kuondolewa pale kiliposimamishwa, kwani koma, yaani roho ya marehemu, hukasirika. Hata hivyo, kuanzia miaka ya 1970 na 1980 mamia ya vigango viliibwa na kuuzwa ng'ambo kama mapambo.

Mwaka 1985 mtafiti Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja akiwa kando ya vigango viwili alivyowasimamishia nduguze. Muda mfupi baadaye vikaibwa. Jamaa ya mzee huyo waliyahusisha maafa yaliyowapata baadaye na wizi huo. Kwa msaada wa picha ile, vigango hivyo vilitambuliwa katika makavazi mawili ya Marekani, na mwaka 2007 vikarejeshwa kwa wenyewe. Mwandishi wa filamu za mizuka angeweza kukisimulia kisa hicho jinsi kilivyo, bila kuongeza chumvi.

TAHARUKI NA KAZI YAKE

Walimu wa fasihi huwafundisha wanafunzi kwamba taharuki ni ile hamu ya kutaka kujua litakalofuata. Filamu hizi kongwe huijenga taharuki kwa hatua zinazoweza kuhesabika.

Hatua ya kwanza ni kuyafanya maisha ya kawaida yaaminike. Kwa dakika nyingi mtazamaji huonyeshwa watu wakila, wakisafiri, wakizozana kuhusu fedha. Wengi huona sehemu hii inachosha, lakini bila hiyo hakuna cha kupoteza. Mtu hamhofii asiyemjua.

Ya pili ni ishara ndogo isiyolingana na mengine: mlango uliofungwa unakutwa wazi, mbwa hataki kuingia chumbani. Ishara hiyo hupewa sababu ya kawaida, na maisha yakaendelea. Kisha inarudi, ikiwa kubwa kidogo.

Ya tatu ni matangazo ya biashara. Kwa kuwa filamu ilikatizwa mara kwa mara, mwandishi alilazimika kumwachia mtazamaji swali kabla ya kila tangazo ili asibadilishe kituo. Hivyo hadithi ikapanda ngazi kwa ngazi, kama ilivyo kwa msimulizi anayenyamaza ghafla ili kuchochea moto huku watoto wakimsihi aendelee.

Ya nne ni kuficha. Katika "Salem's Lot" ya mwaka 1979, iliyotokana na riwaya ya Stephen King na kuonyeshwa na kituo cha CBS kwa sehemu mbili, tukio ambalo watazamaji wengi hawajalisahau ni la mtoto aliyekufa anayeelea katika ukungu nje ya dirisha, akikwaruza kioo kwa kucha na kuomba afunguliwe. Hakuna damu. Kuna mtoto, tabasamu, na sauti ya kucha. Yaliyobaki hukamilishwa na mtazamaji mwenyewe, naye hujua vizuri kuliko mwelekezi kinachomtisha.

Simulizi za Pwani hufuata mkondo huo huo. Kisa cha mwanamke mrembo anayesimamisha gari usiku kandokando ya barabara hakianzi na kwato. Huanza na manukato, mazungumzo matamu na adabu njema. Kwato huja mwisho, mara nyingi kwa kuchungulia tu, na msimulizi stadi hukomea hapo. Wakati ambapo vijiji vingi vya Pwani havikuwa na umeme wala runinga, watu walikwisha kuzoea sanaa hii kwa masikio.

PALE HOFU INAPOTAFUTA MTU

Filamu za kutisha zilizoenea Afrika Mashariki kuanzia miaka ya 1990 zilichukua njia nyingine. "Living in Bondage" ya Nigeria, iliyouzwa kwa kanda za video mwaka 1992, ilifungua soko kubwa la visa vya utajiri wa kafara na mizuka ya kulipiza kisasi. Tanzania nayo, katika miaka ya 2000, ikatoa filamu kama "Nsyuka" na "Shumileta" za mwelekezi Mussa Banzi. Kazi hizo zilipendwa, na zina haki ya kupendwa, kwa kuwa zilizungumza kwa lugha ya watu na kuhusu maisha yao.

Hata hivyo, filamu nyingi za aina hiyo huonyesha uchawi waziwazi. Mchawi huonekana akiruka, akicheka, akiroga. Mara nyingi ni mzee, au mwanamke mjane anayeishi peke yake. Mtazamaji haachiwi shaka yoyote kuhusu nani mwenye hatia.

Katika Kilifi, kukosekana kwa shaka ni jambo la kuogopwa. Kwa miaka mingi wazee wa kaunti hiyo wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Maafisa wa serikali na watetezi wa haki za binadamu wameeleza mara nyingi kwamba nyuma ya tuhuma hizo huwa kuna mzozo wa ardhi au urithi. Baadhi ya wazee wamelazimika kupaka mvi zao rangi nyeusi wasionekane wazee, na wengine kuacha maboma yao na kukimbilia hifadhi kama ile ya Kaya Godoma huko Ganze.

Zanzibar nako kulitokea jambo la kufanana. Mwaka 1995 hofu ya popobawa ilipotanda Pemba na Unguja, kijana mwenye maradhi ya akili aliyetoka Bara kutafuta matibabu aliuawa na umati uliodhani kuwa ndiye. Hofu ilitafuta sura ya mtu, ikampata asiyeweza kujitetea.

Hapo ndipo filamu moja kongwe ya Marekani inapostahili kutazamwa kwa makini. "Dark Night of the Scarecrow", iliyoelekezwa na Frank De Felitta na kuonyeshwa na CBS Oktoba 1981, inamhusu Bubba, mtu mzima mwenye akili ya mtoto, anayeishi na mama yake mzee katika kitongoji cha wakulima. Rafiki yake ni msichana mdogo. Siku moja msichana huyo anashambuliwa na mbwa, na Bubba anamwokoa na kumbeba hadi kwao. Uvumi unaenea kwamba amemuua.

Wanaume wanne, wakiongozwa na mpeleka barua ambaye siku zote alimchukia Bubba, wanachukua bunduki na mbwa. Mama amemficha mwanawe shambani ndani ya sanamu ya kufukuzia ndege. Wanamkuta, wanayaona macho yake yakitetemeka nyuma ya gunia, na wanafyatua risasi. Dakika hiyo hiyo redio ya gari inawaarifu kwamba msichana yu hai, na kwamba ni Bubba aliyemwokoa.

Wauaji wanamwekea marehemu silaha mkononi na kudai walijihami. Mahakama inawaachilia kwa kukosa ushahidi. Kisha, asubuhi moja, mmoja wao anaiona ile sanamu imesimama katika shamba lake.

Nani ameiweka? Mama mwenye uchungu? Kiongozi wa mashtaka asiyeridhika? Au Bubba mwenyewe? Kwa sehemu kubwa filamu haisemi. Wanaume hao huanza kuogopana na kushukiana, na dhamiri zao zinafanya kazi ambayo mahakama ilishindwa kuifanya. Mtazamaji anatishika, lakini hofu yake haimwelekei mtu dhaifu. Inawaelekea waliokuwa na uhakika.

Fasihi ya Kiswahili iliwahi kulishughulikia jambo hili. Riwaya ya Muhammed Said Abdulla, "Mzimu wa Watu wa Kale", iliyochapishwa mwaka 1960, inaanza na maiti iliyopatikana mahali panapoogopwa kwa ajili ya mizimu. Bwana Msa haikejeli imani ya watu, lakini hairuhusu imefunike kazi ya mkono wa binadamu. Anauliza maswali hadi mwuaji anajulikana.

JINSI YA KUZITAZAMA LEO

Kanda nyingi za filamu hizi zimesafishwa na kutolewa upya, na nyingine hupatikana kwenye intaneti. Lakini namna ya kuzitazama ina uzito wake. Filamu iliyojengwa kwa ukimya haiwezi kufanya kazi katika kibanda cha video chenye kelele, wala chini ya maelezo ya madijei wanaotafsiri kwa mizaha, ingawa sanaa hiyo ya akina DJ Afro ina raha yake. Vilevile simu inayolia ujumbe kila dakika huvunja kile ambacho mwelekezi alitumia nusu saa kukijenga. Zinahitaji usiku, taa iliyozimwa, na subira ya dakika 20 za mwanzo.

Kwa vijana wanaotaka kutengeneza filamu, funzo ni kubwa zaidi. "Duel" haikuhitaji zaidi ya barabara, magari mawili na mwigizaji mmoja hodari. "Whistle and I'll Come to You" ilitosheka na ufuo mtupu na shuka la kitanda. Mandhari kama hayo yamejaa kuanzia Mambrui hadi Marereni: makaburi ya kale ya Waswahili, mabwawa ya chumvi yanayong'aa kwa mbalamwezi, mikoko ya Ngomeni, na mbele yake baharini ile mitambo ya chuma ambayo Waitaliano waliitumia kurushia setilaiti kati ya mwaka 1967 na 1988.

Kamera ya bei nafuu inaweza kuvipiga picha vyote hivyo. Kazi ngumu itabaki kwa mwandishi: kuamua nani ataogopwa katika hadithi. Akimchagua bibi kizee wa nyumba ya mwisho kijijini, atakuwa amerudia uvumi ambao tayari umeua. Akiwachagua waliokwenda kumgongea mlango usiku wakiwa na mapanga, atawatisha watazamaji wa Kilifi kwa jambo wanalolijua kuwa ni kweli.